Ustawi ni nini, na ibada inaingia wapi?

Mtu wa Lamu akikwambia mnazi huu umestawi, hazungumzii nazi za msimu mmoja. Ana maana mizizi imeshika, makuti ni mabichi, na upepo wa kusi ukivuma hautikisiki ovyo. Neno hilo likihamia kwa binadamu ndipo tunapopata ustawi: mtu kuwa na afya ya mwili na akili, kuridhika, kuona maisha yake yana maana, tabia njema, watu wa karibu, na riziki isiyoyumba. Furaha ni sehemu tu ya hayo, na yenyewe huja ikaondoka.

Adhana hulitaja jambo la karibu na hili mara tano kwa siku: "Hayya alal-falah", njooni kwenye kufaulu. Falah hiyo ni ya dunia na akhera, hivyo ni pana kuliko ustawi wa watafiti, ambao kipimo chake huishia kaburini.

Na watafiti wamepima kweli. Utafiti unaoongozwa na vyuo vikuu vya Harvard na Baylor unafuatilia watu zaidi ya 200,000 katika nchi 22, Kenya na Tanzania zikiwamo. Matokeo ya kwanza yalitoka 2025: Indonesia iliongoza, Japani, pamoja na mali yake yote, ikashika mkia. Na kwa jumla, wanaohudhuria ibada mara kwa mara walikuwa na ustawi zaidi ya wasiohudhuria, ingawa tofauti hiyo si sawa kila nchi.

Neno la kushika hapo ni kuhudhuria. Kaa kwenye baraza ya msikiti mmojawapo wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, baada ya alasiri. Mmoja anavuta tasbihi, mwengine anamimina kahawa, mara mtu anauliza, "Fulani mbona hatumuoni tangu juzi?" Nafasi yake kwenye safu ilikuwa tupu. Kabla ya magharibi wawili wameshabisha hodi kwake, mmoja na mkate wa mofa mkononi.

Lakini tusikimbilie kusema ibada ndiyo iliyoleta afya. Mgonjwa wa kitandani haendi msikitini, kwa hivyo huenda afya ndiyo iliyomfikisha mwenzake safuni. Ndiyo sababu watu wale wale huulizwa tena mwaka baada ya mwaka, ionekane kipi kilitangulia.

Mimi nina kinyongo kidogo na swali lenyewe la mahudhurio. Wanawake wengi wa Lamu huswali nyumbani. Mmoja akiulizwa huenda msikitini mara ngapi kwa wiki, atajibu "siendi", na karatasi itamwandika hivyo, ilhali tangu alfajiri yuko uani kwa jirani aliyefiwa, yeye na wenzake kumi, wanachagua mchele wa hitima.