Presha haishuki na dawa nameza: yanayosemwa Mtwara, na ukweli wake

"Dawa za hospitali zimeshindwa." Hili hunisikitisha kuliko yote, maana anayeliamini huacha vidonge. Presha huitwa sugu pale inapobaki juu ya 140/90 ilhali mgonjwa anameza kila siku dawa tatu za makundi tofauti, mojawapo ya kukojosha, zote kwa dozi ya kutosha. Anayemeza kidonge kimoja, tena siku kichwa kikiuma tu, hajafika huko. Msimu wa korosho ndio mbaya zaidi: mtu anashinda shambani wiki nzima, vidonge viko nyumbani. Na kwa kuwa presha kwa kawaida haina dalili, hajui kuwa imepanda.

"Chumvi nimeacha, siongezi mezani." Na ng'onda, samaki aliyekaushwa kwa chumvi, je? Na papa mkavu? Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha iliyomo tayari ndani ya kitoweo. Chumvi ikizidi, mwili hubakiza maji na dawa hupungua nguvu. Kumloweka samaki na kumwaga maji kunasaidia, ila hakuiondoi yote.

"Dawa ya mgongo haihusiani na presha." Inahusiana sana, na wengi hawajaambiwa. Diklofenaki na ibuprofeni, zile tunazonunua baada ya palizi, hubakiza chumvi na maji mwilini na kudhoofisha dawa za presha. Pombe za uraka na gongo nazo huipandisha. Daktari aambiwe bila aibu, hakuulizi ili akuhukumu.

"Mashine ikisema, imesema." Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko hali halisi. Kaa utulie dakika 5, usiongee, ndipo upimwe.

Hayo yote yakiwa sawa na presha bado iko juu, kuna kitu cha kutafutwa: figo, mishipa yake, tezi za juu ya figo zinazotoa homoni ya aldosteroni kupita kiasi, au kukoroma kunakoambatana na kukatika pumzi usingizini. Mara nyingi dawa ya nne inayoongezwa ni spironolaktoni, baada ya kupima damu kuangalia figo na potasiamu. Ukiwa zahanati, omba rufaa ya hospitali ya mkoa ya Ligula, au ya Sokoine kwa walioko Lindi. Nenda na vidonge vyote unavyotumia, vya maumivu na mitishamba vikiwemo.