Sio kichwa yakhe, ni uzito umebaki nyuma: dhana potofu za daunswingi ya gofu na ukweli wake

Jumamosi iliyopita ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali kule Jambiani, tukatoka na fimbo mbili za gofu, zile za chuma zinazoitwa ayani 7, na mipira ya zamani tukenda pale mchanga uliposhikana vizuri, mbali na mashamba ya mwani ya mama zetu (na mipira tunaifata tunaiokota yote, hilo kwetu ni sharti). Kijana mmoja wa mtaani, mwezi wa nane huu anajifunza, akapiga kumi. Mitatu ikatambaa chini, miwili akachota mchanga kabla hajaufikia mpira, iliyobaki yote ikenda kulia. Na kila akimaliza kupiga wenzake wanamwambia neno lile lile, umeinua kichwa, umeinua kichwa. Mwisho akanigeukia, "Ami, mbona kichwa nimekiweka chini lakini?"

Na kweli alikiweka. Mie sikuwa naangalia kichwa, nilikuwa naangalia alama za miguu yake mchangani. Wa kulia umezama wote, kisigino kimechoreka chote mpaka ukingoni. Wa kushoto alama nyepesi, vidole tu, kisigino hata hakionekani. Yaani mpira umeshaondoka na mwili wake wote bado uko nyuma.

Naandika hapa kwa anaepiga kwa mkono wa kulia, wa mkono wa kushoto ageuze tu. Na nikisema daunswingi nakusudia ile safari ya fimbo kutoka juu kurudi kwenye mpira, basi.

Dhana: ukitopu mpira (fimbo ikaugonga kwa juu, ukatambaa) umeinua kichwa, dawa yake kidevu kifuani

Hii ndo iliyotuharibu wengi na ntakaa nayo kidogo. Ukisimama kwenye mpira unainama kutokea nyonga, makalio yako nyuma, mikono inaninginia, na kati ya mikono na mapaja kuna nafasi. Ile nafasi ndo njia ya mikono kupita. Sasa mtu akianza kushuka, badala ya makalio kubaki kule nyuma yanakuja mbele kuelekea mpira, mgongo unanyooka, tumbo linasogea, njia imezibwa. Na muda wenyewe haupo, fimbo kupanda juu ni kama robo tatu ya sekunde lakini kushuka ni robo ya sekunde tu, kwahiyo mikono inatafuta pa kupita yenyewe: ikijivuta juu unatopu, viganja vikijipindua kuokoa mpira unapata ile wanayoita "huk", mpira unajipinda kukimbilia kushoto, fimbo ikisukumwa nje unapiga kwa shingo ya fimbo na mpira unachomoka kulia kama umepigwa teke, ndo hiyo shenki inayomtia mtu homa. Kichwa kimeinuka kweli, lakini kimeinuliwa na kiuno kilichokuja mbele. Ukikishika kichwa hujagusa ugonjwa.

Na ukitaka ushahidi, mwangalie Annika Sörenstam, mwanamke aliyeshinda mashindano 72 ya LPGA, ligi ya gofu ya wanawake wa kulipwa, au mchezaji mwenzake wa kulipwa David Duval. Wote wawili walikuwa wanageuza uso kuelekea lengo hata fimbo haijaufikia mpira. Duval alimaliza mashimo 18 kwa mapigo 59 mwaka 1999, Sörenstam nae 59 mwaka 2001, na kwenye gofu mapigo machache ndo ushindi. Kama kutoa macho kwenye mpira kungekuwa ndo kosa wasingefika huko. Macho na uso viligeuka, lakini mgongo ulibaki na mwinamo wake na nyonga zilibaki nyuma, tofauti iko hapo.

Mie mwenyewe nilipoanza niliambiwa na mtu niliyemuamini sana nikaze kidevu kifuani, nikakaza miaka miwili. Ukikaza kidevu bega la kulia halina pa kupita, mwili unagoma kugeuka, nguvu yote inaishia kiunoni. Nilikuwa nikirudi nyumbani siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Ndo maana nikisikia mtu mzima anamwambia mtoto hivo nasimama nasema, sinyamazi.

Dhana: baki nyuma ya mpira ili uunyanyue

Hii ina asili, mtu anaona mpira uko chini na yeye anautaka hewani, akili inamwambia achote. Ukweli ni kwamba uso wa fimbo ndo unaonyanyua mpira, ayani 7 uso wake umelala kiasi cha digrii 30 na kitu, kazi ya kunyanyua ishafanywa na fundi aliyeitengeneza fimbo. Wewe kazi yako ni kupiga mpira kwanza, ardhi baadae. Wachezaji wazuri wakipiga ayani pale chini kabisa pa mzunguko wa fimbo panakuwa kama sentimita 10 mbele ya mpira, mbele yani upande wa lengo, na huwezi kupeleka mzunguko mbele kama mwili umebaki mguu wa kulia. Wengi wao fimbo ikigusa mpira asilimia 80 hivi ya uzito ishakuwa mguu wa kushoto. Draiva, ile fimbo ndefu ya kupiga mbali, ni tofauti kidogo, mpira uko juu ya tii (kijiti cha kuuwekea) karibu na kisigino cha kushoto na unaupiga fimbo ikianza kupanda, lakini hata hapo uzito unakwenda kushoto, haubaki.

Sasa swali ambalo watu hawaulizi: unakwenda lini? Wengi wanadhani ukishafika juu kabisa unasimama, afu unahama. Au mbaya zaidi unahama ukishapiga, kwa ajili ya picha. Hebu kumbuka ulipokuwa mdogo unapopoa embe. Mkono bado unakwenda nyuma na jiwe, mguu wa mbele ushakanyaga. Hakuna mtoto Unguja wala Pemba aliyefundishwa hilo, na hakuna anaerusha jiwe kwanza afu ndo akanyage. Gofu ni hivo hivo, mikono inamalizia kupanda huku uzito ushaanza kurudi kushoto, na fimbo ikiwa nusu ya njia kushuka mguu wa kushoto ushabeba. Mtu wa kimia pale ufukweni ukimtazama miguu yake utaona jambo lile lile, nyavu haijatoka mkononi na mwili ushaingia.

Dhana: kuhamisha uzito ni kusukuma kiuno mbele

Hapa ndo wanaponiuliza sana, manake mtu akisikia uzito uende kushoto anateleza kiuno chote kuelekea lengo, mabega yanabaki, fimbo inachelewa uso wake ukiangalia kulia, mpira unakwenda kulia. Kiuno kinasogea ndio, ila kidogo tu, kama upana wa vidole vichache, halafu KINAGEUKA. Kalio la kushoto linarudi nyuma, mguu wa kushoto unasukuma ardhi na goti linanyooka. Na ukiliona hilo utaelewa kwanini nasema mkao na uzito ni ugonjwa mmoja, watu wanataka wautibu mkao kwanza halafu uzito mwezi ujao. Haiwezekani. Uzito ukibaki kulia kalio la kushoto halina nguvu ya kurudi nyuma, kwahiyo kiuno kinatafuta njia nyingine na njia iliyobaki ni kuja mbele kwenye mpira, na hapo ushasimama wima.

Zoezi lake halihitaji uwanja wala fimbo. Nenda kwenye ukuta wa nyumba pasipo baraza, au ukuta wa ndani, uupe mgongo, visigino vikae mbali kidogo na ukuta, inama mpaka makalio yote mawili yaguse. Weka mikono kifuani. Geuka kama unapandisha fimbo: kalio la kulia linaubonyeza ukuta na la kushoto linauacha kidogo. Sasa shuka: kabla hujafanya chochote sikia uzito unaingia mguu wa kushoto, kati kati ya unyayo kwenda kisiginoni, afu kalio la kushoto nalo linagusa ukuta na kwa kitambo kidogo yote mawili yapo ukutani, kama mtu anaetaka kukaa. Kisha la kushoto linateleza ukutani na la kulia linatoka. Kama wakati wowote wa kushuka ukuta umekukimbia, basi ndo kosa lenyewe hilo umelishika. Fanya polepole sana, thelathini kila siku kabla hujaoga, wiki mbili usipige mpira kwa nguvu. Asiyekuwa na subira hii sijamuona akipona.

Kisigino cha kushoto kisinyanyuke ukipandisha? Jack Nicklaus alikinyanyua na ameshinda meja 18, yale mashindano makubwa kabisa ya gofu. Kirudi chini kwanza tu, kabla mikono haijashuka.

Dhana: ni uzee, mwili umekaza, basi tena

Kuna ukweli ndani yake lakini si kama watu wanavyosema. Jaribu kuchutama mpaka chini visigino vikiwa vimeganda ardhini. Wengi wetu tuliokulia kuchutama, shamba au kukuna nazi kwenye mbuzi, tunaweza. Waliokaa miaka kwenye viti vya ofisi visigino vinanyanyuka, na mtu wa hivo mara nyingi ndo huyo huyo anaesimama wima kwenye daunswingi, manake vifundo vya miguu na nyonga havimruhusu kukaa chini. Huyo achutame kila siku akishika nguzo ya mlango, vitafunguka taratibu. Maumivu yakiwepo ya kweli aanze kwa daktari. Na fimbo za kuazima pia uziangalie, ndefu kuliko wewe inakusimamisha wima hata kabla hujapiga.

Tukarudi kwa yule kijana. Nikachora mstari mchangani kwa kijiti, nikamwambia weka mipira pembeni, mstari huu ndo mpira, na ukianza kushuka kanyaga kwa mguu wa kushoto kama unapopoa. Alama za mwanzo zikaangukia nyuma ya mstari, tena nyuma sana. Ya tano ikagusa mstari. Kufikia ya kumi na mbili fimbo ilikuwa inakata mchanga mbele yake, kipande chembamba kama ganda la chungwa, na mguu wa kulia umeacha kishimo cha kidole gumba tu. Akabaki anakiangalia kile kishimo. "Ami, kichwa sijakifikiria hata mara moja."