Amri Ikinyamaza Haimaanishi Kazi Imepotea: Dhana Potofu Kuhusu git diff

Kijana mmoja ninayemfundisha hapa Mwanga, Kigoma, alinijia juzi akiwa na uso wa mfiwa. Alikuwa amebadilisha bei katika faili la dagaa wanaouzwa mwalo wa Kibirizi, akaandika git add, kisha git diff, amri za Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, na skrini ikabaki tupu. Kwa kuamini kwamba kazi imefutika, alikuwa ameanza kuandika upya mistari ambayo ilikuwa salama muda wote. Malalamiko hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na kila anayeyaleta hudhani yamempata yeye peke yake.

Dhana yenyewe ni kwamba git diff hulinganisha faili lilivyo sasa na komiti ya mwisho, yaani hali ya kazi iliyohifadhiwa mara ya mwisho kwa git commit, hivyo ikinyamaza hakuna kilichobadilika. Sivyo. Git hutazama mahali patatu: folda unayofanyia kazi, eneo la maandalizi linalojazwa na git add, na komiti ya mwisho inayoitwa HEAD. Amri ya git diff, ikiandikwa peke yake, hulinganisha folda na eneo la maandalizi tu; ukishaandika git add, mahali hapo pawili hufanana, na amri haina tofauti ya kukuonyesha.

Chukua bei za mfano. Katika HEAD kilo ni shilingi 12,000. Unaandika 14,000 na kufanya git add, halafu mwenye duka anapiga simu na unabadilisha tena kuwa 15,000, safari hii bila git add. Sasa git diff itaonyesha 14,000 ikiondoka na 15,000 ikiingia. Git diff --staged, inayolinganisha maandalizi na HEAD, itaonyesha 12,000 na 14,000. Na git diff HEAD, inayoruka maandalizi, itaonyesha 12,000 na 15,000. Majibu ni matatu, na yote ni ya kweli. Ukiandika git commit hapo, bei itakayohifadhiwa ni 14,000, kisha mteja atakulaumu wewe, si Git. Ndiyo maana mimi huwalazimisha wanafunzi wangu kuandika git diff --staged kabla ya kila komiti, hata wanaponung'unika kwamba nawachelewesha.

Faili jipya ambalo halijawahi kupitia git add halionekani kabisa katika git diff, hata liwe na mistari elfu moja. Amri inayoonyesha kuwa lipo ni git status.

Wengine husoma alama ya kutoa (-) mwanzoni mwa mstari katika majibu ya git diff kama ishara ya kosa. Alama hiyo inasema tu kwamba mstari ulikuwapo upande wa kwanza na haupo upande wa pili, na mstari uliorekebishwa herufi moja huonekana mara mbili, kwa kutoa na kwa kujumlisha, kwa kuwa ulinganishaji wa kawaida huenda mstari kwa mstari. Anayetaka kuona neno lililobadilika atumie --word-diff.

Husemwa pia kwamba Git huhifadhi tofauti peke yake. Kimsingi kila komiti huelekeza kwenye hali kamili ya mradi mzima, na tofauti hukokotolewa unapoiomba, ndiyo maana unaweza kulinganisha komiti mbili zozote hata kama zimeachana miaka. Kwa sababu hiyohiyo hakuna rekodi ya faili kubadilishwa jina: Git hukisia kutokana na kufanana kwa yaliyomo, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 50.

Na anayeniletea faili ambalo kila mstari umebadilika "bila kuguswa" aangalie kwanza miisho ya mistari, kwa kuwa Windows na Linux hazimalizi mstari kwa namna moja. Aandike git diff --ignore-space-at-eol. Tofauti zikitoweka, kilichobadilika ni miisho ya mistari au nafasi zilizo mwishoni mwake tu, na huenda faili lilipita kwenye kompyuta ya mwenzake na kuhifadhiwa upya huko.