Je, wajua kwa nini sanduku la Lamu laweza kukwama Ulaya kwa sababu ya kreti?

Sanduku la nakshi limekamilika, misumari ya shaba imepangwa, bawaba zimekaa sawa, na mteja wa Hamburg ameshalipa nusu. Kazi iliyobaki huonekana ndogo: kulifunga na kulisafirisha. Basi hukusanywa mabaki ya mbao karakanani, pengine vipande vya mvinje vyenye magome, hupigwa kreti, yaani kasha la mbao la kufungia mzigo, na mzigo unavushwa kwenda Mokowe, gati la bara, kupakiwa lori la Mombasa. Wiki kadhaa baadaye mteja anapata habari kuwa mzigo umezuiwa. Wakaguzi wa huko hawana neno na sanduku. Neno lao ni kreti.

Chanzo ni wadudu. Mwaka 1996 mbawakawa wa Asia mwenye pembe ndefu aligunduliwa New York akitoboa miti ya mitaani. Mwaka 1999 mnyoo mwembamba anayeua misonobari alionekana Ureno. Mbao za kufungia mizigo ndizo zilizoshukiwa, maana aghalabu huwa hafifu na mbichi, na mdudu aliye ndani husafiri salama. Mwaka 2002 yakapitishwa masharti ya kimataifa yaitwayo ISPM 15. Yanahusu vifungashio vya mbao tu. Sanduku lenyewe, kwa kuwa ni samani iliyokamilika, halimo.

Sharti kuu ni joto. Moyo wa ubao lazima ufike nyuzi 56 za Selsiasi na ubaki hapo dakika 30 mfululizo. Si ngozi ya ubao, ni moyo wake. Ubao mnene ukitiwa kwenye tanuri, nje hupata moto mapema huku ndani bado ni baridi, na lava, yaani mtoto wa mdudu, anakaa ndani. Kwa hiyo kuanika mbao juani hakusaidii hapa, hata kwa jua letu la kaskazi.

Mbao zikishapashwa joto hugongwa muhuri wenye suke la ngano, herufi KE za Kenya, namba ya mtengenezaji na herufi HT, alama ya kupashwa joto. Fundi hawezi kujigongea. Kenya, muhuri huo ni wa waliosajiliwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Uwe pande mbili zinazokabiliana, usiandikwe kwa mkono, na usiwe mwekundu wala wa rangi ya machungwa, rangi zinazotumika kuonya juu ya mizigo ya hatari. Kosa linalowanasa wenye nia njema ni hili: mtu ananunua paleti yenye muhuri, anaipasua, anaunda kreti. Muhuri ule haufai tena. Kreti mpya yahitaji joto jipya na muhuri mpya.

Kwa karakana ndogo, njia tunayoipendekeza ni plaiwudi. Imegandishwa kwa gundi, joto na mgandamizo, kwa hiyo kreti ya plaiwudi tupu haidaiwi muhuri. Angalia miguu ya chini, lakini. Ukipigilia vipande vya mbao ya kawaida vinavyozidi milimita 6 kwa unene ili kreti iinuke, msamaha umekwisha. Gandisha tabaka za plaiwudi uzifanye miguu.

Sasa pima kreti kabla ya kumtajia mteja bei. Makampuni ya kusafirisha vifurushi kwa ndege huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha mengi hugawa kwa 5,000. Uzito unaopatikana ukizidi ule wa mizani, ndio unaolipiwa. Sanduku la 100 kwa 50 kwa 50 hutoa kilo 50. Ukiongeza sentimita 5 za kifungashio kila upande linakuwa 110 kwa 60 kwa 60, na hesabu inaruka hadi kilo 79.2, hata kama mizani inasoma 40. Miguu ya sanduku ikitengenezwa ya kuchomoka, kimo hupungua na pesa hubaki mfukoni. Kwa meli, mzigo wa kuchangia kontena hutozwa kwa mita ya ujazo, na mara nyingi kiwango cha chini ni mita moja. Kreti hiyo ni mita 0.396 tu. Kreti mbili ni 0.792, bado hujafika mita moja, kwa hiyo malipo ni yale yale. Subiri oda ya pili.

Kuna hasara nyingine ambayo hakuna mkaguzi atakayeiona. Hewa ya Lamu ina unyevu mwingi, na mbao iliyokaa hapa hushika maji kama asilimia 15 ya uzito wake mkavu. Nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi huishusha hadi 7 au 8. Ubao hunywea kwa upana, na kama umebanwa kwa gundi au misumari pande zote, hupasuka katikati ya nakshi. Kwa hiyo kausha mbao zaidi kabla ya kuchonga, zipime kwa mita ya unyevu, na acha vibao vya kati vicheze ndani ya mifuo bila gundi.

Aina ya mti iandikwe wazi kwenye ankara. Jamii nzima ya Dalbergia, ukiwemo mpingo, iliingia katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2017, kwa hiyo mwenye kuuza kiti cha mpingo aulize habari za kibali KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, kabla ya kupokea pesa za mteja.

Na milango. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahifadhi milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Haitoki nchini bila kibali. Mlango mpya uliopakwa rangi ya kizee ili upendeze unaweza kushukiwa. Andika mwaka uliochongwa kwenye ankara, piga picha za kazi tangu ubao ungali mtupu, na uzisafirishe picha hizo pamoja na makaratasi ya mzigo.