Je, wajua kwa nini Edmonia Lewis, mchongaji sanamu wa Kimarekani, alichonga marumaru kwa mikono yake mwenyewe?

Swali hili linashangaza mpaka ujue kazi ilivyofanyika Roma katikati ya karne ya 19. Wachongaji wengi wa Marekani walihamia huko kwa sababu marumaru nyeupe ya Carrara, mji wa Italia, ilikuwa karibu na mafundi wa mawe walikuwa tele. Msanii alifinyanga umbo kwa udongo, likatolewa nakala ya plasta, kisha jiwe akaachiwa fundi wa Kiitaliano. Fundi alikuwa na kifaa chenye sindano: akiigusisha ncha kwenye pua ya plasta, anatoboa jiwe mpaka kina kilekile, halafu shavu, halafu kidevu, nukta baada ya nukta, ndipo anaondoa kinachozidi. Haukuwa udanganyifu. Ndiyo iliyokuwa desturi, kwa wanaume na wanawake.

Lakini wanawake ndio waliosutwa kwayo. Harriet Hosmer, mchongaji mzungu mwenye wafadhili wakubwa, alivumishiwa mwaka 1863 kwamba sanamu yake ya Malkia Zenobia ilikuwa kazi ya fundi. Ilibidi aandike makala jaridani kueleza hatua za uchongaji.

Sasa mfikirie Lewis, aliyefika muda mfupi baadaye: binti wa baba Mweusi na mama mwenye asili ya Waojibwe, kabila la wenyeji wa Amerika. Mwaka 1862, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Oberlin, Ohio, alishtakiwa kuwawekea sumu wenzake wawili wazungu. Kabla ya kesi kusikilizwa, watu walimkamata usiku, wakampiga vibaya na kumtupa. Wakili Mweusi, John Mercer Langston, alimtetea na mashtaka yakaanguka. Mtu aliyepitia hayo alijua jinsi uvumi unavyoua. Nauli ya Ulaya aliipata Boston kwa kuuza nakala za plasta za sanamu ya Kanali Robert Gould Shaw, aliyeongoza kikosi cha askari Weusi.

Kwa hiyo, katika karakana yake karibu na Piazza Barberini, miaka ya mwanzo alishika nyundo na patasi mwenyewe. Fedha za kuajiri zilikuwa chache, hilo ni kweli, ila sababu nzito kwangu ni ile ya kwanza: asipatikane mtu wa kusema si yake.

Mwaka 1867 alikamilisha "Forever Free" (Huru Milele): mwanamume Mweusi amesimama, mkono ukiinua mnyororo uliokatika, mwanamke amepiga magoti kando yake. Mwaka 1876 alipeleka kwenye maonyesho ya Philadelphia "The Death of Cleopatra" (Kifo cha Cleopatra, malkia wa Misri ya kale), yenye uzito unaozidi tani 1.3. Wenzake walipenda kumwonyesha malkia huyo akitafakari. Lewis alimchonga amekwisha kufa, kichwa kimelalia upande, na watazamaji wakashtuka.

Sanamu hiyo baadaye ilipotea machoni pa watu, ikawekwa hata kaburini kwa farasi wa mashindano aliyeitwa Cleopatra, karibu na Chicago. Lewis alifariki London mwaka 1907. Leo Cleopatra wake yuko jumba la sanaa la Smithsonian, na "Forever Free" iko Chuo Kikuu cha Howard, zote mbili jijini Washington.