Mkao wa mzee anapochomwa ganzi ya mgongo

Bibi anapoteleza kwenye matope ya mgombani huko Kibosho na kuvunjika nyonga, ndugu wanaomfikisha hospitalini Moshi huwa na maswali kama haya kuhusu ganzi ya mgongo, yaani sindano ya kiunoni inayotia ganzi sehemu ya chini ya mwili ili apasuliwe.

Swali: Kwa nini mzee mmoja huketishwa na mwingine hulazwa ubavu?

Sindano hupita kati ya pingili za chini za kiuno, mara nyingi kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, kwa kuwa uti wa mgongo (shina la neva lililo ndani ya pingili) wa mtu mzima huishia juu ya hapo. Kuinama hupanua nafasi hizo, ambazo uzeeni huwa zimebana. Mgonjwa akiketi, mstari wa katikati huonekana vizuri zaidi. Hata hivyo, aliyevunjika nyonga huumia mno, na aliye dhaifu huweza kuzirai. Kumwinua kabla ya kumtuliza maumivu ni kumtesa bure.

Swali: Dawa ikishaingia, mkao una kazi gani tena?

Kazi kubwa. Bupivakaini, dawa ya ganzi, iliyotiwa glukosi ni nzito kuliko majimaji yanayozunguka uti wa mgongo, hivyo hufuata mteremko: mgonjwa akibaki ameketi kwa dakika kadhaa, ganzi hushika zaidi makalio na sehemu za siri, akilazwa chali mara moja, hupanda kuelekea kifuani, akilala ubavu, upande wa chini ndio unaoshika zaidi. Kwa hiyo, kwa dawa nzito, nyonga iliyovunjika ingepaswa kuwa chini, jambo ambalo wagonjwa wengi hawalivumilii, na ndiyo maana baadhi ya wataalamu huchagua dawa isiyo nzito. Ganzi ikipanda sana, mishipa ya damu hulegea na presha hushuka, na mzee huathirika upesi kuliko kijana, hasa akiwa amepungukiwa maji au anatumia dawa za presha. Ndiyo sababu hupewa kipimo kidogo na kubadilishwa mkao polepole.

Swali: Mwenye kibiongo je?

Huwekewa mito, na sindano huweza kupitishwa pembeni kidogo ya mstari wa katikati.

Swali: Ni lazima alale bila mto kutwa nzima?

Hapana. Kulala hivyo hakuzuii maumivu ya kichwa yanayoweza kufuata sindano hii, ambayo kwa wazee ni nadra zaidi. Ainuliwe taratibu, presha ikipimwa, wala asisimamishwe kabla miguu haijapata nguvu.