Treni ya Dizeli na Treni ya Umeme: Tofauti Inaanzia Wapi

Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba kichwa cha dizeli kinachovuta makontena kutoka Mombasa hadi Nairobi nacho huendeshwa na mota za umeme. Injini yake haizungushi magurudumu moja kwa moja, bali huzungusha jenereta, na umeme wa jenereta hiyo ndio unaolisha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Swali la kweli, basi, ni mahali umeme unapozalishwa: ndani ya kichwa chenyewe, au mbali kwenye mabwawa na mitambo ya gesi, kisha ukaletwa kwa waya wa volti 25,000 kama ilivyo kwenye SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma.

Kichwa cha dizeli hubeba mtambo wake wa umeme pamoja na maelfu ya lita za mafuta, na nguvu yake haiwezi kuizidi injini. Treni nzito ikianza kupanda mlima, dereva akishafikia hatua ya 8, ambayo ni ya mwisho kwenye mkono wa kuongezea nguvu, hana tena cha kuongeza. Hubaki akisikiliza injini inavyonguruma huku mwendo ukishuka. Kichwa cha umeme cha uzito uleule kwa kawaida huwa na nguvu kubwa zaidi, na kwa dakika chache mota zake zinaweza kuvuta kupita kiwango chake cha kudumu, hadi joto litakapozizuia. Wakati wa kuteremka, mota hizohizo hugeuka jenereta, zikapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye waya.

Kwa abiria sina shaka: umeme ni bora. Treni ya mchongoko, ambayo mota zake zimesambazwa chini ya mabehewa, hushika kasi upesi kila inapotoka kituoni, na SGR ya Tanzania imejengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, ilhali treni ya abiria ya Mombasa huishia 120.

Kwa mizigo, hesabu ni ngumu zaidi. Ukisimama karibu na reli ya umeme utaona kwamba waya haukunyooka: huvutwa kidogo kushoto kwenye nguzo moja na kidogo kulia kwenye inayofuata, ili usichimbe mfereji kwenye kaboni ya pantografu, ule mkono wa juu ya paa unaogusa waya na kuchukua umeme. Kila nguzo ya namna hiyo hukaguliwa na kutunzwa hata kama zinapita treni mbili tu kwa siku. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye kilomita 1,860, ingefaidika sana na umeme kwenye milima ya kati ya Mlimba na Makambako, lakini kwa maoni yangu lazima kwanza ipate treni nyingi za kuilipia gharama hiyo. Isitoshe, gridi ikizima, treni za umeme husimama zote, wakati ya dizeli huendelea na safari.

Hata pale ambapo njia kuu yote ina nyaya, kichwa cha dizeli bado kina kazi yake bandarini, kwa sababu winchi haiwezi kunyanyua kontena kutoka kwenye behewa lililo chini ya waya wa volti 25,000.